Tiketi ya Afrika Iliyohama Ubaruku

Kibanda umiza kimoja cha Mwanjelwa, Mbeya, kiingilio shilingi mia tano. Jioni ile runinga ilikuwa inaonyesha mechi ya Kombe la Shirikisho Afrika, na Singida Black Stars walikuwa uwanjani. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mzee aliyekuja mjini kuuza mchele, mtu wa Ubaruku. Kwa dakika kumi hivi hakusema neno. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, hawa si ndio wale wetu?"

"Ndio wao, mzee."

"Sasa mbona hawatujui?"

Kwa asiyefuatilia, nimpe historia kidogo. Ihefu FC ya Mbarali ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020 kwa mechi za mchujo, ikiiangusha Mbao ya Mwanza. Ikashuka, ikarudi mwaka 2022. Nyumbani kwake kulikuwa Highland Estates, Ubaruku, kwenye nchi ya mpunga, na hapo ndipo Novemba 29, 2022 Yanga waliposimamishwa baada ya kucheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu 2, Yanga 1. Timu iliyokuwa imepita kila kona ya nchi ikajikwaa kwa wakulima.

Msimu wa 2023/24 ukiwa katikati, Ihefu ikahamishiwa Singida. Mwaka 2024 hata jina likafutwa, ikawa Singida Black Stars. Msimu uliofuata ikamaliza ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa 2025/26, ikaitoa Rayon Sports ya Rwanda, ikaitoa Flambeau du Centre ya Burundi, ikaingia hatua ya makundi. Mbegu ilipandwa Ubaruku, mavuno yako Singida, na mzee wa watu analipa mia tano kuyatazama.

Kila ninapolisema hili kijiweni najibiwa kwamba tatizo ni Dar. Simba na Yanga wamekula kila kitu, mikoa imebaki na makombo. Jibu hilo linafariji, ila halisimami ukihesabu. Mwaka 2020 Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilicheza Afrika. Mwaka 2021 ikaenda Biashara United ya Mara. Mwaka 2022 Geita Gold. Mwaka 2023 Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Coastal Union ya Tanga. Mwaka 2025 Singida tena, hawa Black Stars. Miaka sita mfululizo timu ya mkoani imepanda ndege, na hakuna hata mmoja ambao timu hiyo ilitoka Mbeya au Iringa. Tena nafasi zenyewe zimeongezeka kwa jasho la haohao tunaowalaumu: Simba na Yanga walivyovuka raundi mwaka hadi mwaka, Tanzania ikapewa nafasi nne, mbili za Ligi ya Mabingwa na mbili za Kombe la Shirikisho. Kariakoo ndiyo iliyoupanua mlango. Sisi ndio hatujapita.

Iringa, hata hivyo, walishafika kizingitini, na kisa chao kinauma kuliko hiki cha Mbarali.

Mei 2019, Uwanja wa Samora. Lipuli, Wanapaluhengo, chini ya kocha Selemani Matola, waliwakaribisha Yanga katika nusu fainali ya Kombe la FA. Mtu wa Iringa hahitaji kukumbushwa siku ile. Wenyeji walishinda 2-0, na kwa mara moja katika maisha yao watu waliozoea kusalimiana "kamwene" kwa utulivu walikuwa wanapiga kelele. Fainali ikapangwa Ilulu, Lindi, Juni 1. Fikiria shabiki wa Ipogolo: ukipitia Dar es Salaam, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 900, kwenda tu. Azam walishinda bao moja, la Mzambia Obrey Chirwa. Azam ndio wakaenda Kombe la Shirikisho Afrika. Lipuli ilirudi nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye Lipuli ikashuka daraja, na tangu hapo Iringa haijawa na timu Ligi Kuu. Siku chache baada ya kushuka huko, Agosti 2, 2020, Namungo nao walicheza fainali ya kombe lilelile, pale Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Walioshindwa hao wakaenda Afrika. Kwa nini? Kwa sababu Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi, hivyo tiketi ya kombe ikamwangukia aliyefungwa. Lipuli walifungwa na timu ambayo haikuwa bingwa, basi hakuna cha kuangukiwa. Timu mbili za mikoani zimepoteza fainali ileile katika miaka miwili inayofuatana, moja ikapanda ndege kwenda Angola, nyingine ikapanda basi kwenda Daraja la Kwanza. Mpira una bahati zake, lakini bahati humkuta aliyesimama mlangoni.

Ndiyo maana nasema mashindano ya mtoano ni njia ya mnyonge. Ligi ni mechi thelathini, na mechi thelathini zinataka benchi refu, posho za wakati, na basi lisiloharibika Kitonga. Kombe ni jioni chache tu, na nusu ya hizo unaweza kubahatika kuzicheza kwenye baridi yako mwenyewe. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Timu ya pwani ikija Uwanja wa Sokoine mwezi Juni inaanza kutafuta hewa kabla ya mapumziko. Ila utaratibu wa siku hizi umebana kidogo: bingwa wa kombe akiwa ameshapata nafasi kupitia ligi, tiketi haimwendei tena aliyefungwa fainali, inakwenda kwa wa nne wa ligi. Ndivyo walivyopita Geita, Coastal na Singida. Kwa hiyo sasa mnyonge ama abebe kombe lenyewe, ama awe wa nne.

Nafasi ya nne si mlima. Mbeya City waliupanda mlima mrefu zaidi ya huo, na katika msimu wao wa kwanza kabisa. 2013/14, chini ya Juma Mwambusi, Wagonga Nyundo walimaliza wa tatu kwa pointi 49, nyuma ya Azam wenye 62 na Yanga wenye 56. Simba walikuwa wa nne kwa pointi 38. Ingekuwa leo, jezi zile za zambarau zingekuwa Afrika bila mjadala. Wakati ule nchi ilikuwa na nafasi mbili tu, bingwa na wa pili, wakaambulia mwaliko wa Kombe la Bonde la Mto Nile kule Khartoum, Mei 2014. Miaka ishirini na nane kabla yao, Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda daraja. Sidhani kama kuna kona nyingine ya nchi hii yenye desturi ya timu ngeni kufika na kugeuza meza namna hii. Kugeuza tunajua. Kukaa mezani ndiko kunakotushinda.

Wapo watakaosema: uwanja. Hata ukipata tiketi, Afrika haichezwi Sokoine wala Samora. Ni kweli, na viwanja vyote viwili ni mali ya CCM, kwa hiyo timu inayovitumia ni mpangaji, na mpangaji hajengi ghorofa kwenye kiwanja cha watu. Tena hatua ya makundi inaangukia kati ya Novemba na Februari, wakati mvua za Mbeya zimekolea. Lakini hoja hii nayo isikuzwe. Singida walianza safari yao wakitumia uwanja wa Azam pale Chamazi. Namungo vilevile. Na Mei 2025, Simba walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, mechi ya marudiano ilichezwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu eneo la kuchezea la Uwanja wa Mkapa halikukubaliwa. Kama Mkapa imekataliwa fainali na Simba hawakufa, Mbeya nayo isijifiche nyuma ya nyasi za Sokoine. Uwanja unakodishwa. Timu haikodishwi.

Hoja ya fedha ndiyo nzito. Biashara United waliifunga Al Ahli Tripoli 2-0 nyumbani Oktoba 2021, halafu wakashindwa kusafiri kwenda Libya kwa marudiano. Wakatolewa wakiwa na mabao mawili mkononi; mwisho wa msimu huohuo wakashuka daraja. Geita Gold nao, pamoja na dhahabu yote ile, walishuka 2024. Namungo waliitoa Primeiro de Agosto ya Angola kwa jumla ya mabao 7-5, mechi zote mbili zikichezwa Dar kutokana na vurugu za vipimo vya korona, kisha wakaingia makundi na kutoka bila pointi hata moja. CAF walianza kuzipa klabu za raundi za awali dola 50,000 kuanzia msimu wa 2023/24, na anayefika makundi ya Kombe la Shirikisho anakuwa na uhakika wa dola 400,000. Ya pili ni fedha ya maana. Ya kwanza, ukishawalipia nauli watu thelathini kwenda Afrika Kaskazini na kurudi, ulikuwa unabaki na chenji ya chai.

Kwa hiyo kuna swali halali: timu ya mkoani inahangaikia nini Afrika, kama wengi wanaorudi wanarudi kufa? Nimelizungusha sana swali hili. Ninavyoona, hawakuuawa na Afrika. Waliuawa na kuwa timu za mfadhili mmoja, au mgodi mmoja, au msimu mmoja wa shangwe. Mfadhili akikohoa, timu inalazwa. Huku kwetu tumeyaona bila hata kufika Afrika: Mbeya Kwanza walipanda 2021 wakashuka 2022, KenGold ya Chunya walipanda 2024 wakashuka 2025.

Na hapo ndipo narudi kwa Ihefu. Nimewasikia wanaotetea kuhama kwake, nao wana hoja. Timu ilihitaji fedha, fedha ikapatikana Singida, wachezaji wakalipwa, wakafika Afrika. Ingebaki Ubaruku huenda ingekuwa kwenye orodha ya Mbeya Kwanza na KenGold. Sipingi. Ninachopinga ni kuiita hiyo hadithi ya mafanikio ya klabu. Klabu ni watu wanaoidai. Ikiwa yote yanayokufanya uwe klabu, yaani nafasi ya ligi, mikataba na leseni, yanaweza kupakiwa kama magunia ya mchele na wanaoidai wasiulizwe, basi hukuwa na klabu, ulikuwa na mzigo stendi. Hata jina walilolifuta, Ihefu, ni la lile bonde oevu la Usangu. Walau hilo halikupata lori la kulibeba.

Timu ya halmashauri kama Mbeya City ina mabaya yake, nayo yanajulikana. Diwani anauliza, na ana haki kuuliza, kwa nini posho za wachezaji zitangulie dawa za zahanati. Maamuzi yanachelewa, kocha anasubiri kikao. Mwaka 2023 timu ilishuka. Lakini tazama kilichofuata: ilishuka ikiwa Mbeya, ikateseka misimu miwili ikiwa Mbeya, ikarudi Ligi Kuu 2025 ikiwa Mbeya. Prisons nao, wa Magereza hapahapa Mbeya, wamedumu Ligi Kuu zaidi ya miaka kumi bila kelele. Si timu ya kuota Afrika kila mwaka, lakini hakuna atakayeamka asubuhi akaikuta Tabora.

Ningekuwa na sauti, ningeomba mambo mawili tu. La kwanza, halmashauri ibaki na sehemu ya umiliki ambayo haiuziki, iliyobaki iuzwe kwa wanachama, wa parachichi wa Rungwe kwa wa mbao wa Mafinga, na TFF isiruhusu leseni kuvuka mpaka wa mkoa bila wanachama hao kupiga kura. La pili ni dogo, labda ni kinyongo tu. Tangu Kombe la FA lirudi msimu wa 2015/16, fainali imezungushwa Dar, Dodoma, Arusha, Lindi, Sumbawanga, Kigoma, Tanga na Zanzibar. Mpaka ile ya 2025 haijaletwa Mbeya wala Iringa hata siku moja. Siombi tiketi ya bure. Naomba siku timu yetu ikifika, shabiki wa Ipogolo asilazimike kwenda Lindi.

Mzee wa Ubaruku hakungoja filimbi ya mwisho, alikuwa anawahi gari la Rujewa. Nilimsindikiza hadi nje, nikamuuliza kama atakuja Sokoine mwisho wa wiki kuwatazama Mbeya City.

"Hao ni wa mjini," akasema, akajitwisha mfuko wake.

Sikuwa na jibu la haraka.