Mwalimu wa timu akifukuzwa, sisi wapenzi tufanye nini?



Tangu mwezi uliopita, kwenye nyumba ya kulala ya wavulana, maneno ni moja tu: mwalimu wa timu akishindwa, afukuzwe ao asifukuzwe? Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema hapana, na wakati wa kuzima taa maneno bado kuisha. Sisi tunaoandika hapa tuko watatu wa darasa la tano. Tumepatana kutoa mawazo yetu kwa maandiko, maana kwa mdomo mwenye sauti kubwa njo anashinda kila mara.

Tumekamata mfano mmoja ambao kila mpenzi wa mpira anaujua kidogo, lakini wachache wanaujua mpaka mwisho: habari ya mzee Claudio Ranieri na timu ya Leicester City, kule Uingereza.

Leicester ni kilabu ya zamani, ilianzishwa mwaka 1884, lakini kwa miaka ile yote haikupata kushika shampiona ya kwanza ya Uingereza hata mara moja. Katika msimu wa 2014-2015 ilikuwa karibu kushuka. Sikukuu ya Noeli iliikuta katika nafasi ya mwisho kabisa. Mwalimu wao wa wakati ule, Nigel Pearson, aliiokoa: katika michezo tisa ya mwisho walishinda saba, wakamaliza wa 14. Na malipo yake ni nini? Mwezi wa sita 2015 wakamfukuza.

Nyuma yake akaja Ranieri, Mwitaliano wa miaka 63. Wapenzi wa Leicester hawakufurahi. Huyu mzee alikuwa ametoka kufukuzwa na Ugiriki, juu ya timu ya nchi ile kupigwa kwao nyumbani na visiwa vya Faroe, visiwa vyenye watu karibu elfu hamsini tu. Hata Gary Lineker, mshambuliaji mkubwa aliyezaliwa katika mji ule ule wa Leicester, alishangaa mbele ya watu wote kwamba wamemchagua mtu kama huyu. Wenye kuendesha mchezo wa kubeti waliweka hesabu ya 5000 kwa 1. Maana yake: ukiweka franka moja kwamba Leicester itashika shampiona, ikitokea utapata elfu tano. Ndivyo walivyokuwa na hakika kwamba haitatokea.

Ikatokea. Tarehe 2 mwezi wa tano 2016, Tottenham waliposhindwa kuwapiga Chelsea (walitoka 2-2), Leicester wakawa washindi wa Uingereza. Walimaliza na pointi 81, kumi kuliko Arsenal wa pili. Tunapenda kukumbuka jambo moja dogo la mwaka ule. Ranieri aliona timu yake inafungwa goli kila mchezo, akaahidi wachezaji kuwalipia piza, ule mkate wa kwao wenye nyanya na jibini, siku watakapomaliza mchezo bila kufungwa. Mwezi wa kumi 2015 wakawapiga Crystal Palace 1-0. Akawapeleka kweli, lakini kufika pale wakaambiwa kila mtu apike yake kwa mikono yake! Mzee yule alijua kufundisha.

Sasa sikieni ginsi mambo yalivyogeuka. Mbele ya msimu mpya kuanza, N'Golo Kanté aliuzwa kwa Chelsea, yule mfupi aliyekuwa akikimbia kwa watu wawili. Timu ikalegea. Mwezi wa kwanza 2017 Ranieri alipokea ile zawadi ya FIFA ya mwalimu bora wa dunia, na ndani ya mwezi ule na uliofwata timu yake haikufunga hata goli moja katika shampiona. Walipigwa michezo mitano ya shampiona moja kwa moja. Wakatolewa katika kombe na Millwall, timu ya daraja la tatu, tena Millwall walibaki watu kumi uwanjani. Tarehe 22 mwezi wa pili wakapigwa 2-1 na Sevilla huko Hispania, katika Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Kesho yake, tarehe 23, Ranieri akafukuzwa. Timu ilikuwa ya 17, pointi moja tu juu ya wale wa kushuka. Tangu kushika shampiona ilikuwa haijafika miezi kumi.

Katika nyumba yetu ya kulala wengi wanakoma hapa. "Muzee alibapatia kombe, beye banamufukuza sawa mwizi!" Basi wanakasirika, wanalala. Lakini mambo ya maana kwetu yanaanza nyuma ya ile siku, ni yale waliyoyafanya wapenzi wenyewe.

Wapenzi wa Leicester hawakuwa na wazo moja. Wengine walilia, Lineker yule yule aliyemkataa mwanzo alisema alitoa machozi. Wengine walisema wazi kwamba prezida ana haki, kwamba machozi hayaongezi pointi. Kisha siku nne zikapita, na Jumatatu tarehe 27 timu ilipashwa kucheza nyumbani na Liverpool. Mpenzi afanye nini siku kama ile? Abaki nyumbani? Awapigie wachezaji miluzi? Ao asahau?

Walikwenda. Waliimba jina la Ranieri. Na ilipofika dakika ya 65, kwa kuwa mzee alikuwa na miaka 65, wakawasha taa za simu zao, wakazinyanyua juu, mchezo ukiendelea. Leicester ilishinda 3-1. Vardy alifunga mawili, Drinkwater moja.

Juu ya zile taa, sisi watatu tuko wazo moja: walifanya vizuri sana. Hawakuvunja kiti, hawakumtukana mwenye kilabu, hawakuomba timu yao ipigwe ili prezida apate haya. Walisema aksanti mbele ya watu wote, tena mbele ya yule aliyemfukuza, na wakaendelea kushangilia jezi yao. Yule prezida, Mtailandi Vichai Srivaddhanaprabha, alipokufa katika helikopta mwezi wa kumi 2018 karibu ya uwanja, wapenzi wale wale walimwekea maua mengi sana mlangoni. Hatuoni unafiki ndani yake. Mtu anaweza kukukosea siku moja na bado akawa mtu aliyekutendea mema.

Lakini kuna neno linalotusumbua, na hapa tunaona wapenzi wa Leicester walikuwa wapole kupita kiasi. Ule mchezo wa Liverpool, wachezaji walikimbia namna gani! Ni watu wale wale, miguu ile ile. Karibu wote walikuwa wale wa mwaka wa shampiona. Wiki sita walitembea uwanjani kama watu wanaokwenda kuteka maji, na siku nne nyuma ya mzee kuondoka wakaruka kama swala. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba wachezaji wengine walikuwa wamemlalamikia kwa prezida, wachezaji walikana. Sisi hatuwezi kukata neno hilo. Lakini hatuhitaji kujua nani alizungumza na nani. Magoli tunayahesabu wenyewe: katika shampiona sifuri tangu mwaka kuanza, kisha matatu kwa saa moja na nusu. Kwa nini mtu mmoja tu njo alibeba mzigo wa watu kumi na moja?

Jibu liko wazi, na kila mwenye kilabu analijua. Huwezi kufukuza wachezaji ishirini na tano katikati ya msimu. Mwalimu ni mmoja, anafukuzwa asubuhi, kufika magaribi mahali pake iko mtu mwingine. Na zaidi ya yote, akiondoka, wapenzi wanamtazama yeye anavyoondoka, hawatazami tena waliobaki.

Mwenzetu mmoja wa darasa la sita, anayependa mabishano kuliko chakula, alitupinga. Akasema: "Kama habakufukuza Pearson, Ranieri mungemupatia wapi?" Ni neno lenye nguvu, hatukatai. Tena akaongeza kwamba Craig Shakespeare, aliyekuwa msaidizi wa Ranieri, alishika timu akawapiga Sevilla 2-0, akafika robo fainali ya Ulaya, akamaliza wa 12 katika shampiona. Kushuka ni hasara kubwa sana ya feza, na wanaolipa si wachezaji peke yao: wako wauza tikiti, wafagia uwanja, wapishi. Yote hii ni kweli. Hatusemi mwalimu asifukuzwe hata siku moja. Lakini tulimuuliza huyu mwenzetu: na Shakespeare yuko wapi? Walimpa mkataba wa miaka mitatu mwezi wa sita 2017. Kufika mwezi wa kumi wa mwaka ule ule wakamfukuza naye. Akanyamaza, ambalo kwake ni jambo la ajabu.

Msifikiri kwamba hii ni mambo ya Wazungu. Hapa kwetu iko mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1974, wakati nchi yetu ilikuwa inaitwa Zaire, Leopards walishika Kombe la Afrika kule Misri, kisha wakaenda Kombe la Dunia Ujerumani ya Magharibi. Mwalimu wao alikuwa Blagoje Vidinić, Myugoslavia. Wakapigwa 2-0 na Scotland. Kisha wakakutana na Yugoslavia, nchi ya mwalimu wenyewe. Walipofungwa matatu, katika dakika ya 21, Vidinić akamtoa mlinda goli Kazadi wa Lubumbashi, akamwingiza Tubilandu. Mchezo ukaisha 9-0. Unajua mwenyewe watu walisema nini: ametuuza kwa ndugu zake! Iko wazee wanaosema vile mpaka leo.

Lakini wachezaji wenyewe, kama Ilunga Mwepu, walisimulia baadaye neno lingine. Walisema feza walizoahidiwa hazikuwafikia, na siku ya Yugoslavia hawakuwa na moyo wa kucheza. Basi, nani aliwauza? Watu walikuwa wakimtafuta mhalifu mwenye jina la kigeni, na wale waliokula feza wakabaki wametulia nyuma ya hasira ya watu. Jina la Vidinić linalaumiwa kila mwaka wa Kombe la Dunia, na hakuna anayekumbuka kwamba kombe la Misri lililetwa na mtu huyo huyo.

Mmeisha kuelewa, tunafikiri, juu ya nini tunaandika haya sasa. Katika masomo yetu inazunguka karatasi. Inaomba prefe amwondoe mwalimu anayefundisha timu yetu ya mpira, kwa sababu tumepigwa mara mbili na masomo ya jirani, na mara ya pili walitufunga manne. Wenye kuzungusha wanasema majina yanapita arobaini.

Hatumteteei huyu mwalimu kwa kuwa anatupa pointi. Mmoja wetu alipata nne juu ya ishirini katika somo lake juzi tu. Tunasema tunachokiona. Timu iko na mipira miwili, na mmoja unavuja. Mwalimu halipwi kitu kwa kazi hii, anaifanya nyuma ya saa zake. Mwaka jana, tulipowapiga wale wale jirani 2-0, wapenzi walimbeba mabegani kutoka uwanjani mpaka mlango wa kapela, na ndani ya wale waliombeba tunajua watano ambao majina yao yako kwenye karatasi. Na mazoezi? Mbele ya mchezo wa pili tulihesabu wachezaji uwanjani: siku ya kwanza saba, siku ya pili sita. Wengine walikuwa wamelala, mmoja alikuwa kwenye soko. Kwenye karatasi hakuna hata mstari mmoja juu ya hiyo hesabu.

Kama kweli amechoka ao hawezi tena, prefe na walimu watamwambia, na ni haki yao. Siku hiyo ikifika tutakwenda uwanjani kumwambia aksanti, hata kama hatuna simu za kuwasha. Lakini wapenzi kumfukuza mtu kwa niaba ya wachezaji waliolala, hapana.

Karatasi ingali inazunguka. Sisi watatu tulirudisha yetu bila majina. Alhamisi nyuma ya masomo kuna mazoezi. Tutakwenda na kalamu, na hesabu ya watakaofika itaandikwa katika gazeti la mwezi ujao, jina kwa jina.