Mapenzi ya mbwamwitu na ridhaa isiyoulizwa

Riwaya za mapenzi ya watu wanaogeuka mbwamwitu zina kanuni ambayo mpenzi wa hadithi hizo anaijua kabla hajafungua ukurasa wa pili. Kuna kundi, na kundi lina Alfa, mwanamume mwenye nguvu, mali na hasira za karibu. Kuna msichana asiye na cheo, mara nyingi yatima au anayenyanyaswa na nduguze. Siku moja Alfa anainusa harufu yake, mnyama aliye ndani yake anamtambua kuwa ndiye mwenzi aliyeandikiwa, na kuanzia hapo msichana ni wake. Atatiwa alama ya meno shingoni, ataitwa Luna, yaani mke wa Alfa, na waliomdharau watamwinamia. Hadithi hizi zimejaa kwenye programu za kusomea riwaya kwa simu, zinauzwa sura kwa sura, na sioni sababu ya kuwacheka wanaozilipia. Ninalolipinga ni jambo moja tu: zinachukua uamuzi wa mtu na kuuita maumbile, kisha hapabaki wa kuulizwa.

Mfano unaojulikana zaidi ni mfululizo wa Twilight wa Stephenie Meyer, ulioanza mwaka 2005. Humo vijana wa jamii ya Quileute, katika jimbo la Washington nchini Marekani, hugeuka mbwamwitu, na kijana akimwona aliyeandikiwa hufungwa naye papo hapo kwa maisha yote. Sam, kiongozi wao, alikuwa mpenzi wa Leah. Alipomwona Emily, binamu yake Leah, mapenzi yale yakafa. Baadaye Leah naye anageuka mbwamwitu, na kwa kuwa wanakundi husikiana mawazo, analazimika kuyasikia mapenzi ya Sam kwa Emily ndani ya kichwa chake mwenyewe. Riwaya inamchora kama mwanamke mwenye nyongo. Emily ana makovu usoni kwa sababu Sam alipandwa na hasira akageuka mnyama akiwa karibu naye mno, na bado nyumba yao ndiyo tunayoonyeshwa kama mfano wa penzi kamili. Quil, mmoja wa vijana hao, anafungwa na mtoto wa miaka miwili. Katika Breaking Dawn, ya mwaka 2008, Jacob, mwenzao mwingine, anafungwa na mtoto mchanga. Meyer anatanguliza utetezi: kijana atakuwa kaka na mlinzi mpaka mtoto akue, naye msichana atakuwa na hiari yake. Lakini Jacob, akiieleza hiari hiyo, anashangaa kwa nini msichana asimchague mwanamume anayemfaa kupita wote. Na tazama kinachotokea katika kitabu hichohicho: Jacob anaikaidi amri ya Alfa, amri tuliyoambiwa haikaidiki, anaondoka na kuwa na kundi lake. Mwandishi alipotaka kumpa mwanamume njia ya kutoka, aliipata.

Maumbile yenyewe yanayotajwa hayako hivyo. Picha ya Alfa anayetawala kwa meno ilipata nguvu kutokana na utafiti wa Rudolf Schenkel uliochapishwa mwaka 1947, kuhusu mbwamwitu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Walikuwa wamewekwa pamoja kwenye eneo dogo ambalo hakuna aliyeweza kulihama, na wakagombania vyeo. David Mech, mtaalamu wa Marekani, aliieneza dhana hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Kisha akaenda kuwatazama mbwamwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa mwa Kanada, kila kiangazi kuanzia 1986 hadi 1998, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi la kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao. Wanaoongoza wanaongoza kwa sababu ni wazazi. Kijana akikomaa huondoka kutafuta mwenzi na eneo lake. Mech alitumia miaka mingi kumsihi mchapishaji akome kukichapa kile kitabu cha zamani. Kwa hiyo Alfa wa riwaya amerithi tabia za mnyama aliyefungiwa, na msichana anaambiwa kwamba huo ndio mwitu.

Watetezi watasema hizi ni ndoto tu na msomaji anajua kutofautisha. Wana haki kwa sehemu kubwa. Janice Radway, katika utafiti wake wa mwaka 1984 kuhusu wanawake wa Marekani waliosoma riwaya za mapenzi kwa wingi, aliwakuta ni wasomaji wachaguzi: walijitengea muda wa kusoma mbali na kazi za nyumbani, walitaka shujaa ambaye mwishowe anajua kutunza, na walimchukia mwanamume mkatili. Ndiyo maana siwalaumu wao, bali hadithi zenyewe. Tajiri katili wa riwaya nyingine anaweza kulaumiwa, akaomba radhi, akabadilika au akaachwa. Mbwamwitu amepewa kinga: si yeye, ni mnyama wake. Msomaji yule mchaguzi ananyang'anywa kipimo anachokitumia kila siku.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kifungo humfunga mwanamume pia, tena zaidi. Hatachoka, hatatoroka, hatatafuta mwingine. Kwa anayesoma baada ya kuachwa na watoto wawili, ahadi hiyo si ya kubezwa, nami naiheshimu. Ila tuangalie mizani. Moyo wa Alfa umefungwa, lakini nyumba, askari na sheria bado ni vyake. Hata katika hadithi zilizopendwa sana za mwenzi aliyekataliwa, kwa kawaida Alfa ndiye anayekataa kwanza, na msichana hupata nguvu ya kusema hapana baada ya kudhalilishwa hadharani.

Mbona wapo walioandika vingine na penzi halikupoa? Katika Bitten ya Kelley Armstrong, ya mwaka 2001, Elena aligeuzwa kwa kung'atwa na mpenzi wake Clay bila ridhaa. Miaka kumi baadaye bado ana hasira, na riwaya haiifanyi hasira hiyo kuwa ugonjwa wa kutibiwa. Clay anabeba kosa lake kama mtu. Patricia Briggs, katika Cry Wolf ya mwaka 2008, anatenganisha chaguo la mnyama na la binadamu: mbwamwitu wa Charles na wa Anna wameshachaguana, lakini kifungo hakikamiliki mpaka wenyewe wawili wakubali, na Anna, aliyeteswa na kundi lake la Chicago, anahitaji muda. Charles anausubiri.