Jumapili Bila Daftari

Kwa miaka sita nilikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka yote hiyo nilitembea na daftari. Lilikuwa kaunta buku ya kawaida, jalada gumu, mgongo umebanduka, na ndani nilichora safu kwa rula: jina la msharika, namba ya bahasha, ahadi ya mwaka, alichotoa, alichobakiza. Safu ya mwisho ilikuwa ya mahudhurio ya jumuiya, alama ya vema kwa aliyefika, kosa kwa asiyefika. Kila robo mwaka niliitwa mbele, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya wimbo wa mwisho, nikasoma. Nilisoma vizuri. Nina sauti inayofika benchi la nyuma hata umeme ukikatika.

Jumapili moja nilisoma jina la mama mmoja anayekaanga maandazi karibu na stendi. Ahadi sh. 60,000, ametoa 8,000, amebakiza 52,000. Watu wakageuka kidogo, si sana, vile watu wa kanisani wanavyogeuka. Yeye akainamia kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya baada yake. Nikaweka kosa, kosa, kosa, mpaka mstari wake ukawa kama uzio. Mwezi wa tatu wenzangu wakanituma nikamuulize kulikoni.

Nilimkuta anapanga maandazi kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, unga umempanda mpaka viwikoni. Akanipa kigoda, akanimiminia chai. Nikaanza kuzunguka mbuyu, mara mvua, mara bei ya ngano. Akanikatiza.

"Mzee, deni la dukani nalijua. La kikoba nalijua sana. Hili la Mungu mmelitoa wapi?"

Nilikunywa chai ile hadi machicha. Nikala maandazi mawili, akakataa nisilipe, nikarudi nyumbani nimelibana daftari kwapani kama mtu aliyeficha kitu. Ndugu zangu Wakristo, wa usharika wowote, parokia yoyote, mtaa wowote, ninayowaandikia leo ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Tuambizane ukweli. Wengi wetu Jumapili hatuendi, tunapelekwa. Kinachotupeleka mara nyingi ni swali moja ambalo kila Mkristo wa nchi hii amelisikia: ukifa, nani atakuzika? Mtu haonekani mwaka mzima, halafu siku mama yake anapozidiwa anamtafuta katibu wa jumuiya usiku usiku alipe michango yote ya nyuma, ili kwaya ifike na mchungaji afike. Mwingine anarudi kanisani wiki tano kabla ya ubatizo wa mtoto kwa sababu fomu inataka sahihi ya mwenyekiti. Akishaipata sahihi, tutaonana Kipaimara. Wapo wanaofuata sare ya kitenge, wapo wanaofuata wateja, na mwaka wa uchaguzi wapo wanaofuata kura, hao huwa wanakaa mbele kabisa na huondoka kabla ya ushirika wa Meza ya Bwana. Na sisi tulio waaminifu wa kila wiki? Mwili uko benchi la tatu, moyo uko kwenye sufuria ya pilau, na kidole gumba kinapandisha na kushusha picha za harusi za watu tusiowajua.

Wanaosinzia siwasemi. Eutiko naye alisinzia. Yule kijana wa Troa alikaa dirishani, Paulo akaendelea kuhubiri mpaka usiku wa manane, usingizi ukamzidi akaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Paulo alishuka akamkumbatia, kijana akawa hai, wakapanda tena juu wakamega mkate. Katika kisa chote hicho sijaona mahali alipokaripiwa. Nadhani alisamehewa kwa sababu alikuja, tena usiku, wakati ambapo hakuna aliyemlazimisha.

Kitu kimoja kimenishughulisha tangu siku ya chai ile: hii tabia ya kushikilia watu kwa orodha ilitoka wapi? Wakristo wa mwanzo hawakuwa nayo. Kiasi cha mwaka 155 Yustino, mwalimu aliyeishi Roma na baadaye akauawa kwa imani yake, aliandika kumweleza kaisari jinsi Wakristo wanavyokutana siku ya jua. Anasema wanasoma maandiko muda unavyoruhusu, kiongozi anawaonya kufuata mema, wanasimama pamoja kuomba, wanaletewa mkate na divai. Kuhusu sadaka anaeleza kwamba wenye uwezo na wenye kupenda hutoa, kila mtu kiasi alichoamua mwenyewe, na fedha zinawekwa kwa kiongozi awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Wenye kupenda. Miaka karibu 1,900 iliyopita mambo yalikuwa wazi kiasi hicho. Kuna jambo jingine kwenye maelezo yake ambalo nitalirudia baadaye, linahusu wasiofika.

Miaka 150 baada ya Yustino, kaisari Diocletian alipiga marufuku mikutano ya Wakristo. Mwaka 304, katika mji mdogo wa Abitina, nchi ambayo leo ni Tunisia, watu 49 walikamatwa wakiwa ibadani, wakapelekwa Karthago kuhukumiwa. Mwenye nyumba walimokutania aliulizwa kwa nini alikaidi amri. Alijibu kwa maana hii: bila kukutana siku ya Bwana hatuwezi kuishi. Hao hawakuwa na daftari la mahudhurio, na nawaza kwamba kama wangekuwa nalo, lingekuwa ushahidi wa kwanza mezani kwa hakimu.

Kwetu, hadithi ilianza kwa njia nyingine. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo wakawakomboa watumwa, wengi wao watoto. Mtoto aliyenyakuliwa bara, hajui mama yuko wapi, hajui hata lugha ya aliyemnunua, alihitaji mahali penye utaratibu: saa ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya shule. Siwezi kuwalaumu mapadre kwa kuwaamsha kwa kengele. Lakini mazoea yana tabia ya kukaa hata baada ya sababu yake kuondoka. Watoto wale walikua, wakapata wajukuu, na sisi wajukuu wa wajukuu bado tunachungwa kwa kengele na orodha kana kwamba jana tu tulishuka jahazini.

Nenda Mkunazini, Unguja, uone. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alikubali kufunga masoko ya watumwa. Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa palepale kwenye kiwanja cha soko. Ujenzi ulisimamiwa na Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu, yuleyule aliyetoa jasho kuyaweka Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, na inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Nilisimama hapo mara moja, nikiwa na wanakwaya wenzangu, na mwongozaji alipomaliza maelezo hakuna aliyesema neno kwa muda. Watu walifikishwa pale kwa minyororo. Leo mtu anafika pale kwa miguu yake, anapiga goti, anaondoka apendapo. Wazee wetu walisema hiari yashinda utumwa, na sijui sakafu nyingine ambayo methali hiyo imeandikwa wazi zaidi.

Na tusidhani hiari humaliza watu kanisani. Miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya. Walokole wale walikutana majumbani bila kuitwa na mtu, wakaungama mbele ya wenzao, wakarudishana vitu walivyoibiana, wakaimba. Katika mkondo huo alitokea Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Walikuwa na kasoro zao. Baadhi walipenda mno kuzihesabu dhambi za jirani. Lakini kuwabembeleza waje ibadani? Hapana.

Basi nawaomba tufanye nini? La kwanza nawaambia wazee wa kanisa wenzangu, maana kosa langu ni lenu. Tuache kusoma majina. Hesabu zikae kwa mhasibu, na kwenye ubao wa matangazo tubandike kilichoingia na kilichotumika, mpaka bei ya balbu. Najua mtanijibu nini, nilishajibiwa: sadaka itashuka. Huenda ikashuka kweli. Paa linavuja, mwinjilisti ana watoto shuleni, na umeme hauji kwa maombi. Lakini tukipungukiwa, tusimame tuseme wazi tumepungukiwa, kiasi hiki, kwa ajili ya kitu hiki. Watu wanaochangiana harusi ya milioni kumi katika wiki sita hawawezi kushindwa kununua bati. Kinachotutisha ni kwamba siku tukiacha kusoma majina tutajua, kwa mara ya kwanza, ni kiasi gani tulikuwa tunatoa kwa kupenda.

La pili ni la msibani, na hapa sitaki kuzungusha maneno. Kila jumuiya ikae, ikubaliane, iandike kwenye kumbukumbu zake kwamba hakuna maiti itakayonyimwa wimbo wala sala kwa sababu ya michango. Marehemu hawezi kulipa, na mjane aliyekaa kwenye mkeka si mdhamini wake. Tukiondoa tishio hilo, wapo watakaoacha kuja. Waacheni. Atakayebaki atakuwa amebaki, na aliyeondoka tutajua njia ya kwake.

Njia ya kwake ndiyo lile jambo la Yustino nililoahidi kurudia. Anaandika kwamba baada ya mkate na divai kugawiwa, mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo. Kumbe safu ya wasiofika ilikuwepo tangu zamani! Ila kazi yake ilikuwa kumwelekeza shemasi abebe kikapu aende wapi. Kwa hiyo safu ile siombi tuifute. Tuibadilishie kazi. Mwanajumuiya akikosekana mara mbili, watu wazima wawili waende kwake wakiwa na sukari ya robo kilo, wamjulie hali, wasiulize bahasha. Watakuta mmoja anaugua mgongo, mwingine amegombana na mwimbishaji, mwingine ni mlinzi ambaye bosi hajampa Jumapili tangu Pasaka. (Wenye makampuni mnaosoma hapa, zamu za kupokezana hazijawahi kumfilisi mtu.) Muuguzi aliyekesha wodini na kondakta aliyeamka saa kumi alfajiri wasihesabiwe watoro, wasomewe somo la siku hiyo jioni, hata kwa simu.

Na sisi wa kwenye mabenchi? Ibada inaanza Jumamosi. Ukinyoosha shati, soma na somo la kesho, halichukui dakika tano. Fika kabla ya kengele. Simu iache nyumbani, au mpe mtoto mdogo kabisa ambaye hajui kuifungua. Imba hata kama sauti yako inakwenda kama gurudumu la mkokoteni. Kwaya iko pale kutuongoza, haikuajiriwa ituimbie. Matangazo na mnada wa mkungu wa ndizi na kuku vikae baada ya baraka, nje, kivulini, penye kucheka. Mimi mnada naupenda sana, lakini mtu hawezi kutoka kwenye toba akaingia moja kwa moja kwenye bei ya jogoo.

Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza swali ambalo lilinikosesha usingizi. Kama ni hiari, alisema, basi Jumapili ambayo sina hamu nilale? Nimelifikiria. Moyo wa hiari na moyo wenye hamu ni vitu viwili. Katika kwaya yetu kuna dada aliyefiwa na mume, akaja Jumapili nne mfululizo amevaa sare, amesimama mahali pake kwenye sauti ya pili, mdomo umefungwa. Hakuimba hata ubeti. Wenzake wa kulia na kushoto waliimba zaidi kidogo, ndiyo yote. Hakulazimishwa na mtu, na hamu hakuwa nayo kabisa. Jumapili ya tano nilimsikia kwenye kiitikio. Zaburi nyingi zinaanza hivyohivyo, mtu analalamika mbele ya Mungu, lakini ameshafika mbele ya Mungu.

Kwetu baraza la wazee lilibishana jioni mbili, tukakubaliana kujaribu kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nanyi ulizeni kwenye kikao chenu kijacho, usharikani, parokiani, jumuiyani: tunasoma majina kwa nini? Mkishindwa kulijibu, mniunge mkono.

Wiki iliyopita nilirudi stendi, mikono mitupu. Mama alinipa kigoda kilekile. Tuliongea habari za ngano, safari hii kwa sababu ngano kweli imepanda. Nilipoinuka, akauliza ibada ya kwanza siku hizi inaanza saa ngapi. Nikamwambia saa moja kamili. Akafunua mfuniko wa ndoo, akachungulia.

"Saa moja hayajaisha haya," akasema. "Labda ya pili."