MENO YA MTOTO MGONJWA



Mtoto mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au kifafa akienda kliniki hupimwa uzito, hupewa dawa, kisha hurudi nyumbani pasipo mtu kumwambia afunue kinywa. Sisi wazazi nasi twanyamaza, maana jino ni jambo dogo mbele ya moyo. Si dogo hata kidogo.

Mtoto ambaye vali za moyo wake zimeharibika, vijidudu vya jino bovu vyaweza kuingia katika damu, vikafika moyoni na kushika pale penye kovu. Ugonjwa huo huua. Mwenye kisukari, ufizi ukiugua sukari hupanda, na sukari ikipanda ufizi huzidi kuugua. Wa kifafa anayetumia fenitoini, dawa hiyo huweza kuvimbisha ufizi. Tena dawa nyingi za maji hutiwa sukari ili mtoto azikubali, naye hulala nayo kinywani. Asiachishwe dawa kwa ajili hiyo! Apigwe mswaki.

Huku kwetu Ukambani kuna na jambo la maji. Visima vya sehemu kadhaa za Makueni na Kitui vina floridi nyingi, na meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Basi mzazi akiona jino limegeuka rangi husema, "Ni maji tu," kumbe limekwisha kutoboka.

Sasa tuje kwenye kazi. Kitui ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Mzazi wa Kyuso aliyetumwa na mtoto Hospitali ya Rufaa mjini Kitui, au wa Mtito Andei aliyetumwa Wote, siku yake imekwisha, na mshahara wa siku hiyo huenda ukakatwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, lakini ni kwa ugonjwa wake mwenyewe, si wa mwanawe. Na tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya. Anayekatwa kila mwezi ana haki ya kuuliza.

Kwa hiyo twataka mkataba wetu na waajiri utaje siku za malipo kwa mzazi mwenye mtoto wa ugonjwa wa kudumu, naye aonyeshe kadi ya kliniki. Tajiri atalalamika. Na aulizwe ni siku ngapi atamkosa mzazi huyo mtoto akilazwa wodini. Kwa kliniki twaomba kinywa kitazamwe siku ile ile ya dawa, isiwe safari ya pili.

Kabla ya jino kung'olewa, mwambie mganga wa meno ugonjwa wa mtoto na dawa zake zote. Wa moyo huenda akahitaji dawa ya kuua vijidudu kwanza. Wa koleo sokoni msimwendee.

Katika mkutano wa tawi njooni na kadi za watoto, katibu ahesabu siku tulizopoteza.