Robo saa ya usiku ule
Safu ya Zuhura Mkangara

Mwaka juzi nilimuuguza mama yangu mdogo siku sita katika wodi ya wanawake ya hospitali moja ya mkoa. Asubuhi ya siku ya tatu, wakati wa kukabidhiana zamu, inchaji wa wodi aliona dozi ya saa sita usiku ya mgonjwa mmoja haikuwekewa alama kwenye chati. Hakumwita sista pembeni. Alimgombeza pale pale katikati ya vitanda, mbele ya wanafunzi wa uuguzi, wagonjwa na sisi ndugu: “Shule ulikwenda kufanya nini?” Sista yule alikuwa amekesha peke yake na wodi iliyojaa. Aliinamisha kichwa tu.

Usiku ule alirudi zamu. Mama mdogo akaanza kutetemeka, dripu ikiendelea. Nilimsihi ampigie daktari. Alisita. “Ngoja kidogo dada. Nikimwamsha halafu ikawa si kitu, asubuhi nitasemwa mimi.” Alipiga baada ya robo saa. Mgonjwa wetu alipona, alhamdulillahi, lakini robo saa ile sijaisahau.

Tukizungumzia wauguzi, hutaja mshahara na uhaba wa watumishi. Ni kweli, na inauma. Ila sista yule hakukosa ujuzi wala huruma. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo aliipata kwa mkubwa wake.

Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali mbili za Marekani. Alitarajia wodi zenye viongozi wazuri ziwe na makosa machache. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1996 yalikuja kinyume: ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Kwenye wodi za wakali, makosa yalifichwa. Kwa hiyo kitabu cha ripoti kisicho na kosa hata moja kinanitisha kuliko kilichojaa.

Ratiba ya zamu nayo hugeuzwa fimbo. Kipenzi wa inchaji hula Iddi nyumbani. Aliyethubutu kuhoji hupangiwa usiku mfululizo, na hakuna barua inayoonyesha kuwa ameadhibiwa. Alalamike kwa nani? Tangu mfumo wa tathmini ya utumishi wa OPRAS wa mwaka 2004 hadi ule wa PEPMIS wa sasa, katika kumpima mtumishi neno la msimamizi, yaani huyo huyo inchaji, lina uzito.

Simtwishi inchaji lawama zote. Naye ana matroni juu yake, naye huulizwa mbele za watu kwa nini glavu zimekwisha. Wengi hukabidhiwa wodi kwa sababu ni hodari wa kuzalisha au kupata mshipa wa mtoto mchanga. Namna ya kumkosoa mtu mzima bila kumvunja, nani aliwafundisha?

Waganga wafawidhi na matroni, nawaomba mambo mawili yasiyohitaji bajeti. Kosa lizungumzwe ofisini, na swali la kwanza liwe “ilikuwaje?” Na ratiba ya zamu ibandikwe ukutani mapema, pamoja na ya mwezi uliopita, kila mtu aone nani amekesha mara ngapi.