Kompyuta kuukuu zipimwe kwa kazi



Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, wapo wanaodai kompyuta zote kuukuu maofisini zitupwe. Hilo si sawa.

Shuleni kwetu tuna kompyuta moja ya kuchorea picha za kufundishia darasa la kwanza. Ilipoanza kukwama, fundi wa Bukoba mjini aliiongezea RAM na kuibadilishia diski. Sasa inakwenda vizuri.

Nashauri zibadilishwe kwanza zile zenye intaneti na siri za watu, kama hazipokei Windows 11. Ya kuchorea, isiyo na intaneti, iendelee mpaka matengenezo yashindikane. Fedha zitakazookolewa zinunue karatasi na wino.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.