Tumbo la Mtoto Mwenye Figo ya Mama Yake



Ndugu zetu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu, juma lililopita hatukuwako Pwani. Tulialikwa Kitale kwenye ndoa ya binti wa rafiki yetu wa tangu siku za chuo, na baada ya walima tukateremka hadi Bungoma kuwazuru jamaa zetu Waislamu wa huko. Tulipotoka msikitini Alasiri, mama mmoja alitujia, amemshika mkono mwanawe wa miaka 11. Alikuwa na swali la fiqhi.

Mtoto huyo alipandikizwa figo miaka miwili iliyopita, na figo yenyewe ni ya mama yake. (Kwa wanaoendelea kutuuliza kama jambo hili lajuzu: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ililitolea uamuzi Jeddah mwaka 1988, ikaruhusu kwa masharti, miongoni mwayo mtoaji asidhurike na kiungo kisiuzwe.) Sasa mtoto ana siku tano anaharisha, na udhu haumkai hata robo saa. Ataswali vipi?

Tulimjibu kama tulivyosomeshwa na mashekhe zetu: ajisafishe, ajizuie kwa kitambaa, atawadhe wakati wa sala ukishaingia, aswali papo hapo, na kinachomtoka baada ya hapo hakimbatilishii sala. Tena bado hajabaleghe, basi asihangaishwe. Tukadhani yamekwisha. Ndipo aliposema, kama mtu atajaye jambo dogo, kwamba dawa za figo amezisimamisha tangu juzi kwa sababu ndizo zinazomchafua tumbo.

Twataka kumtendea haki mama yule. Hakuwa mjinga, na alilosema lina ukweli wa nusu. Mwili hukitambua kiungo kilichopandikizwa kuwa ni mgeni, nao hutaka kumfukuza. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa za kuituliza kinga ya mwili, naye huzitumia muda wote kiungo kile kinapofanya kazi. Moja katika hizo, maikofenoleti, inajulikana sana kwa kuharisha, kutapisha na kuumiza tumbo. Daktari akiona ndiyo yenye kosa, aweza kuipunguza, kuigawa katika vipimo vidogo vidogo, au kuibadilisha. Lakini kinga iliyotulizwa huacha mlango wazi. Kijidudu cha maji au cha chakula, ambacho ndugu zake mtoto wangekishinda kwa siku mbili, kwake yeye hupiga kambi wiki kadhaa. Na ukitazama chooni, kuhara kwa dawa na kuhara kwa kijidudu ni kumoja. Hakuna jicho la mama, wala la shekhe, litakalotenganisha. Hutenganishwa kwa kupima choo na damu.

Liko na jambo lililotustaajabisha tulipoelezwa na daktari mmoja rafiki yetu, tuliyempigia simu tukiwa tungali barazani pa msikiti. Mtu angedhani mtoto akiharisha dawa hupita bila kuingia mwilini. Kwa dawa iitwayo takrolimasi, mara nyingi huwa kinyume: utumbo ulioumia huipitisha kwa wingi zaidi, kiwango chake hupanda katika damu, na kikizidi huidhuru figo ileile inayolindwa. Mtoto akitapika, huenda kipimo kizima kikatoka. Akiachishwa dawa, mwili huanza kuikataa figo. Na juu ya yote hayo kuna maji yanayopotea, nayo figo haistahimili kiu. Basi nyumbani hapana wa kukisia, si kwa kuongeza wala kwa kupunguza. Daktari alituagiza tumwambie mama ampe mtoto maji ya chumvi na sukari ya pakiti, aandike saa ya kila dawa na saa ya kila tapishi, apige simu kliniki usiku uleule aulize kila dawa irejeshwe vipi, na asubuhi wawe njiani.

Mama akatutajia alivyokwisha kumpa: vidonge vya kufunga tumbo kutoka dukani, maji ya mizizi kutoka kwa jirani, na kombe. Kuhusu dukani tuseme wazi: erithromaisini hupandisha takrolimasi, ibuprofeni huiumiza figo, na hata tunda la balungi limekatazwa kwa watoto hawa. Habbasoda twaipenda, na Mtume (s.a.w.) ameisifu, lakini kwa mtoto huyu isianzwe kabla daktari hajaulizwa. Na kombe tulimuuliza limeoshwa kwa maji gani. Akasema ya kisima. Hatukuwahi, katika miaka yote ya kuandika makombe, kumwambia mtu achemshe maji kwanza. Sasa twasema.

Walipanda matatu alfajiri, kupitia Webuye na Turbo hadi Eldoret. Sisi tulirudi Kitale kuchukua mizigo, na njiani tulimkumbuka kijana mmoja wa chuoni kwetu, zamani, aliyeomba ruhusa ya kwenda msalani mara ya tatu katika somo moja. Tulimnyima, tukamwambia ni mvivu wa kuhifadhi. Hakuwa na figo ya mtu. Alikuwa na tumbo tu. Hata hivyo alijichafua mbele ya wenziwe, na hakurudi tena chuoni.

Jumatano mama alitupigia simu. Mtoto alilazwa siku tatu kwa maji ya mshipani. Choo kilionyesha kijidudu cha maji, na damu ilionyesha kuwa figo imetaabika ila haijakataliwa. Dawa zake zimerejeshwa kwa vipimo vipya, na Jumatatu atapimwa tena. Alituomba tuzungumze na mwalimu wake wa madrasa. Tukampigia. Mwalimu alisema amekwisha kumhamishia mkeka wa karibu na mlango, na kwamba haina haja ya kuomba ruhusa.